Stoo ya Majembe

Alhamisi, saa tisa, Mwalimu Sechelela
akaniomba ufunguo wa stoo ya majembe.
"Kuna nini?"
"Nina watoto kumi na wawili wasiojua kulegea."
Nikacheka. Mimi, mwalimu wa nidhamu,
miaka kumi na minne hapa hapa Mvumi,
nimewaona wanaolegea kwenye jembe,
wanaolegea kwenye hesabu;
kazi yangu ni kuwakaza.

Wakatandika magunia matupu ya uwele.
Nikasimama nje, penye dirisha lisilo na kioo.
Kioo alikivunja Ndahani kwa ngumi, mwezi wa pili,
siku matokeo yalipobandikwa pale
na baba yake akapiga simu.
Nilimchapa nne. Hakulia.
Kitambaa mkononi kilikuwa bado kinalowa damu.

"Kunjeni ngumi," akasema, "kaza
kama unakamua zabibu hadi kokwa. Moja. Mbili."
Akafika saba.
"Achia.
Sikilizeni damu inavyorudi vidoleni,
kama bomba letu baada ya siku tatu:
kwanza hewa, kisha kutu, kisha maji."

Mabega. Taya. Nyusi. Unyayo.
Mmoja akajamba, stoo nzima ikaanguka kwa kicheko,
na Sechelela naye akacheka hadi akashika ukuta.
"Naam," akasema. "Hata huko ni kuachia."

Ndahani hakufumba macho.
"Nikifumba, mwalimu, namsikia."
Hakumuuliza nani.
"Basi yaache wazi. Tazama ule ufa.
Panda nao ukivuta pumzi, shuka nao ukitoa."
Nami huku nje nikautazama ufa ule.
Nimeupaka chokaa mara tatu. Unarudi.

Sitasema mvua ilinyesha. Haikunyesha.
Uwele ulikaukia kimo cha goti,
uji wa asubuhi ukawa maji yenye kumbukumbu ya unga,
na pumzi, uivute uivutavyo, haijazi sufuria.
Sechelela mwenyewe alikiri hivyo kikaoni
mkuu alipotaka kujua faida iko wapi.
"Haiondoi mzigo," alisema. "Inampa mtoto
mahali pa kuutua kidogo, abadili bega."
Mkuu akaandika kitu. Tukahamia ajenda ya vyoo.

Mwezi wa kumi baba akaja,
vumbi la Kibaigwa kwenye kofia,
akafoka uwanjani mbele ya kidato kizima
kwamba ameuza ng'ombe wawili kusomesha gogo la mti.
Nikaiona ngumi ikijikunja kando ya suruali.
Kabla sijajijua nilikuwa nahesabu,
nne, tano, sita,
jicho langu kwenye kioo kipya, hela ya shule.
Saba.
Vidole vikafunguka kimoja kimoja,
kile kidogo kikichelewa.
"Nimekusikia, baba."
Sauti ilikuwa inatetemeka, ila ilifika.
Kisha akaenda bombani, akakaa huko sana,
akarudi uso umelowa,
na sikutaka kujua yapi yalikuwa ya bomba.

Usiku ule upepo ulipiga bati.
"Unasaga meno tena," mke wangu akasema,
akageukia ukutani.
Nikalala chali. Nikakunja ngumi,
hii hii inayoshika fimbo,
nikaanza kuhesabu.
Kwenye tano nikakiona kile kitambaa.
Nikarudi moja.